Tuaibo Mchimba Visima na Hema la Kipindupindu

Inácio alipigwa kisimani, asubuhi, wanawake wakiwa wanaanza kuja na ndoo zao, na aliyeanza kumpiga ni Tuaibo mchimba visima. Alimkuta ameinama ukingoni na kopo la dawa nyeupe, anachota kwa kijiko na kumwaga ndani. Hakumwuliza kitu. Alimpiga mpini wa jembe mgongoni, na Inácio alipogeuka na kukinga uso kwa mkono wa kulia, mpini ukashuka mara ya pili. Mfupa ulilia kama muhogo mkavu ukivunjwa gotini. Wakaja wengine na mateke. Mmoja akamkalia kifuani, mwingine akambana pua mpaka kinywa kikafunguka, wakammiminia ule unga.

"Kama ni dawa, kunywa," walimwambia.

Midomo ikababuka palepale. Akatapika povu lenye damu, wakamburuta kwa mguu mpaka uwanja wa mpira, wakamtupa mbele ya hema la wagonjwa, wakarudi kuchota maji.

Msomaji asidhani watu wa Lipanje walikuwa watu wa fujo. Ni kijiji cha pwani, mkabala na kisiwa cha Rongui, watu wa kutega samaki na kulima mpunga kidogo, na ugomvi wao mkubwa kwa miaka mingi ulikuwa wa mipaka ya minazi. Lakini ulikuwa mwaka wa tatu tangu ipatikane gesi baharini. Walikuja watu wenye kofia ngumu, wakapaka minazi namba kwa rangi nyekundu, wakayapa namba makaburi pia, wakasema huenda kijiji kikahamishwa. Kuhamishiwa wapi hawakusema. Mvua zilipoanza likaja tumbo la kuhara na kutapika, linaloua mtu kati ya alfajiri na magharibi, na nyuma yake gari jeupe la serikali, hema, na unga wa kutia visimani. Watu wakaunga mambo hayo mawili. Wanaoitaka ardhi hawana haja ya kutufukuza, walisema. Wanatuua polepole kwa kopo. Na kwa nini Inácio anakuja kisimani alfajiri, kama si mwizi? Kumbe maskini alikuja alfajiri ili dawa ipate muda wa kufanya kazi kabla ya ndoo ya kwanza. Alikuwa mtu wa kujitolea, Mmakonde wa bara aliyeoa hapohapo, na wiki mbili nzima alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akifundisha watu kuchemsha maji. Wengine walimsikiliza. Wengine walimfungulia mbwa.

Tuaibo alikuwa na hasira yake ya pekee. Katika pwani ile anayechimba kisima hamiliki maji, maji ni ya Mungu, lakini ndiye mwenye mdomo wa kisima. Siku maji yanapotoka yeye hunywa kwanza, mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo hakiteremshwi kitu kigeni mle bila yeye kuambiwa, hata kamba mpya. Inácio hakumwambia. Basi kwa siku mbili baada ya kumvunja mkono, Tuaibo alitembea kijijini akisalimiwa kwa heshima, na wazee walimpisha nafasi ya kukaa.

Siku ya tatu mwanawe Hafsa akaamka kimya.

Hafsa alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kuburuta kapu la baba yake la kutolea mchanga na kumzuia asiondoke nalo, na neno lake kubwa lilikuwa "mimi," kwa kila kitu, hata kwa bahari. Siku hiyo hakuligusa kapu. Alihara mara moja, mara mbili, mara ya tano ikatoka kitu cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Tuaibo akampa maji ya kunywa, mengi, ya kisima chake, maana aliyaamini kuliko maji mengine yote duniani. Mtoto akayatapika. Akamletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji yaleyale. Nalo likarudi. Jua lilipofika usawa wa paa, macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo lake ukiifinya ilibaki imesimama kama kitambaa.

Mkewe Alima akamfunga mtoto mgongoni, akaenda mlangoni. Tuaibo alikuwa amesimama hapo.

"Nipishe, Tuaibo."

Tangu Hafsa azaliwe alikuwa akimwita baba Hafsa. Hakuwahi kumwita kwa jina. Tuaibo akamwambia kwamba hemani wanaua, kila mtu anajua, mzee Aiuba aliingia kwa miguu yake na akatoka ndani ya mfuko wa plastiki.

"Aiuba alikwenda keshakauka, kwa sababu wanawe walisimama mlangoni kama wewe."

Akataka kupita. Tuaibo akamsukuma, akaanguka juu ya kinu, akainuka na mchi mkononi, akampiga nao begani kwa nguvu zote za mwanamke anayetwanga kila siku. Tuaibo akayumba, akamshika kanga shingoni, akainua ngumi. Katika kuvutana huko kichwa cha mtoto kikateleza nje ya kanga, kikaning'inia nyuma, macho nusu wazi, na mdomo hautoi sauti yoyote. Mtoto aliyetikiswa hivyo angelia kijiji kizima kisikie. Ngumi ya Tuaibo ikabaki juu. Kisha akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akampakata, akakimbia naye kuelekea uwanja wa mpira mbele ya macho ya majirani wote, Alima nyuma yake.

Muuguzi wa hemani alikuwa dona Palmira, dona ni kama kusema bibi, mwanamke mfupi wa Mueda, mabega mapana, aliyekuwa hajalala kwa siku nne. Alimtambua Tuaibo mara moja. Kitanda cha mwisho alilala Inácio, mkono umefungiwa vibao vya sanduku la samaki, midomo myeupe ya kuungua. Tuaibo aliuona mkono ule, akatazama chini.

"Mshike mguu," Palmira alisema. "Najua mkono wako una nguvu."

Alijaribu sindano kiganjani, akakosa. Kwenye kiwiko, akakosa. Mishipa ilikuwa imenywea, hakuna pa kuingilia. Akachukua sindano nene, fupi, akasema hii inaingia mfupani, akaiweka chini kidogo ya goti, kwenye muundi, akaizungusha akiikandamiza kwa uzito wa bega lake. Tuaibo, aliyepasua jiwe la matumbawe maisha yake yote, aliusikia mfupa wa mwanawe ukikwaruza, akaisikia na sindano ilipopenya gamba na kuingia pasipo na ukinzani, kama mtaimbo unavyofanya ukifika kwenye maji. Hafsa hakukunja hata uso. Hilo ndilo lililomtoa Tuaibo machozi, kwamba hakuumia.

Palmira akafunga mrija wa maji ya dripu, yenyewe kwao huitwa soro. Akamweleza Alima kwamba mtoto akikojoa, hapo ndipo watajua amerudi. Kabla ya hapo asiulizwe lolote. Kisha akamgeukia Tuaibo na kumwuliza wanakunywa maji gani.

Swali lile lilimkaa. Alijua kitu ambacho hakumwambia mtu. Kisima kile alikijengea mawe kutoka chini hadi katikati tu. Juu aliacha mchanga mtupu, maana kabla hajamaliza aliitwa kwenda kuchimba kisima cha kambi ya watu wa kofia ngumu, na aliporudi watu walikuwa wameshaanza kuchota, akaona haya kuwasimamisha. Hatua arobaini juu yake, kwenye mteremko, kulikuwa na vyoo vya mashimo, na vyoo vilikuwa vimejaa mvua. Alikaa kando ya kitanda akihesabu zile hatua kichwani, akirudia, kama atapata nyingi zaidi.

Adhuhuri akafa Amina, mke wa Faquir, mle hemani, kitanda cha tatu kutoka kwa Hafsa. Faquir alikuwa kaka yake Alima, mtu wa masihara, aliyependa kumwita Tuaibo fuko kwa kuwa anaishi ardhini. Aliuona mfuko wa plastiki, akaondoka. Alasiri akarudi na watu sitini. Wengine walikuwa na mapanga, wengine makoleo, na wawili walibeba dumu la petroli ya mashine ya boti.

Tuaibo akatoka nje, amechukua mti uliokuwa unashikilia pembe ya hema.

"Fuko, umetoka shimoni," Faquir alisema, lakini uso wake haukuwa wa masihara. "Mtoe dada yangu, mtoe mtoto. Halafu tunachoma."

"Hatolewi. Ana sindano mfupani."

"Wamemtoboa mwanao mfupa, na wewe umekaa unatazama."

"Nilimshika mguu mimi mwenyewe," Tuaibo alisema. "Sikiliza, shemeji. Ni kisima. Mawe niliishia katikati, maji ya vyoo yanaingia. Amina hakuuawa na hawa. Nimemuua mimi."

Kwa kitambo kidogo ilionekana kama watu watarudi. Kisha sauti ya nyuma ikauliza wamemnunua kwa soda ngapi, wakacheka baadhi, na jiwe likatoka katika kile kicheko likampata Tuaibo jichoni.

Hakuna aliyeweza kusimulia vizuri yaliyofuata, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake. Faquir alishusha panga. Tuaibo akalizuia kwa mti, likateleza, likamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaviona vikianguka mchangani na hakuelewa ni vya nani. Petroli ilimwagwa pembe ya kaskazini, ikawaka kwa mshindo. Palmira alitoka na ndoo ya maji ya dawa, yale makali ya kuoshea sakafu, akawamwagia watu machoni, kisha ndoo ya pili, kisha akampiga mmoja kwa ndoo yenyewe mpaka mdomo wake ukapasuka. Ndani, Alima alimbeba Hafsa, na Inácio akaushika juu mfuko wa dripu kwa mkono wake mzima, wakatoka hivyohivyo wakikohoa, mrija katikati yao, hatua kwa hatua, wasije wakaung'oa, mpaka stoo ya matofali nyuma ya uwanja. Faquir akawaona. Labda alitaka kumchukua mtoto tu. Hilo analijua yeye. Aliwakimbilia na panga. Tuaibo akamfuata na damu ikimchuruzika, akaushusha ule mti gotini pake, akarudia, na Faquir akaanguka akipiga yowe ambalo watu walilisikia mpaka ufukweni. Tuaibo aliuinua tena, usawa wa kichwa. Alima alikuwa anamtazama kutoka mlango wa stoo. Akautupa.

Watu walimbeba Faquir, wakaondoka naye. Wagonjwa tisa walitolewa kwenye ule moto. Mmoja, mzee wa kutoka Mucojo aliyekuja kusalimia wajukuu, hakutolewa.

Kabla ya magharibi Alima mwenyewe akaanza kutapika. Palmira alimlaza chini, akamtia dripu ya mwisho iliyobaki. Alikuwa hana hata nguvu ya kugeuza shingo. Dripu ya Hafsa ilikuwa imekwisha, na mtoto alikuwa hajakojoa. Palmira akachanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi, akampa Tuaibo kikombe na kijiko, akamwambia kijiko kimoja kila dakika. Akizidisha atatapika, akipunguza atakufa.

Basi alikaa. Mkono wa kushoto ulikuwa bonge la matambara, jicho limefumba, kijiko anakishika kwa kulia. Hakuwa na saa. Alihesabu pumzi za mtoto. Kikombe kikaisha, akapewa kingine, na kingine. Kulipokucha alihisi joto likisambaa pajani mwake, akadhani ni damu yake, akatazama. Ilikuwa njano, nyembamba, na ilinuka mkojo. Hafsa alikuwa amefungua macho na anakitazama kijiko.

"Mimi," alisema, kwa sauti ya kukwama.

Palmira alikuja akainusa ile nguo kama mtu anayenusa mchuzi, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwambia Tuaibo kwamba polisi wako njiani kutoka Mocímboa, redio imesema. Mikokoni hapo nyuma hapana mtu, alisema, na mimi kazi yangu si kulinda mlango. Tuaibo akauliza mtoto anahitaji vikombe vingapi zaidi. Palmira akasema mpaka jioni. Tuaibo akarudi kwenye kijiko.

Gari lilifika jua likiwa limepanda. Polisi wanne waliingia stoo, mkubwa wao akauliza nani alimvunja huyu mkono. Inácio hakuwa mtu wa kusema uongo, wala hakuona sababu ya kuanza siku ile. Akanyoosha kidevu kuelekea kwa Tuaibo.

"Ni mimi," Tuaibo akasema. "Na goti la yule mwingine ni mimi. Niacheni nimalize kikombe."

Hawakumwacha. Mmoja alimshika shingoni, akampiga kitako cha bunduki ubavuni ili ainuke. Alima alijaribu kunyanyuka kutoka mkekani, mkono ukashindwa kumbeba, akabaki amelala akimtazama mumewe. Tuaibo alimlaza Hafsa kando yake, lakini kijiko hakukiachia. Alikishika kama mtu aliyepewa amana. Mtoto akaanza kulia, akikitaka.

Inácio aliburuta kigoda kwa mguu, akakaa karibu na mtoto, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Tuaibo akampa kijiko.

"Kimoja kila dakika," alimwambia. "Ukizidisha atatapika."

"Najua," Inácio akasema, akichota. "Nilikuja nyumbani kwako kukufundisha, ukanifungulia mbwa."