Nilimubeba mama-mukwe mugongoni, sasa wamenizuilia bibi

Ba admin, mufiche jina yangu, lakini uzuri wangu musiufiche, ni utani tu. Niko mwanaume wa miaka makumi ine na moja, shofere hapa Kindu. Masomo niliachia primaire, lakini barabara imenisomesha: Punia, Lubutu, mpaka Kampala, hakuna potopoto isiyonijua. Kwa simu naonaga wazungu wanaingiza jeep ndani ya matope kwa kupenda, wanalala inje kwenye mvua, eti njo mapumziko ya wikendi. Nilikuwa nawacheka sana. Sasa sicheki tena. Wikendi ya namna ile njo imevunja nyumba yangu.

Mama-mukwe wangu alikuja Kindu kuona mutoto wetu mupya. Ijumaa nikaanza kumurudisha kwao Kampene na jeep, pamoja na bibi yangu, mama Neema, na watoto. Kwa ukoo yao, mukwe ni muntu wa kuogopa: hakuna kumugusa, hakuna kumuangalia machoni, maneno inapita kwa bibi. Mimi niliheshimu yote. Hata kioo cha kuangalia nyuma nilikigeuza juu.

Mama-mukwe kule nyuma akasema: "Mama Neema, mwambie bwana yako hii barabara si shamba ya baba yake, apunguze."

Na mimi: "Mama Neema, mwambie mama hii gari inamujua mwenyewe."

Tulicheka wote, kila muntu upande wake.

Mvua ikatukamata kwenye mutoni mudogo. Jeep ikazama mpaka milango. Nikafunga bashi, ile turubai ya gari, kwenye miti, wakalala chini yake. Mimi nikalala ndani ya gari, mbali nao, kwa heshima. Tulikula ndizi ya kuchoma na sombe baridi, majani ya muhogo, nikawaambia watoto: leo sisi ni watalii.

Jumamosi asubui maji ikapanda, ikatuzunguka. Nikavusha watoto, mama Neema akavuka na kitoto, mpaka ng'ambo kwenye kilima. Kule kulikuwa vijana wa kamiyo, lori kubwa, wanatafuta kamba ya kuvuta jeep yetu. Akabaki mama-mukwe, miguu imevimba, maji kwenye magoti. Niko karibu naye, lakini anapazia binti yake sauti kule ng'ambo: "Mwambie bwana yako asinikaribie! Nitangoja wale vijana!"

Ba ndugu, ile neno "nitangoja" nilikuwa nimeisikia tayari.

Wakati wa vita nilikuwa mutoto. Tulikimbia masasi ya bunduki, tukaingia pori, tukafika kwenye mutoni imejaa. Mama yangu alikuwa mugonjwa, hatembei. Shemeji yangu, bwana ya dada, alikuwa na nguvu, gunia ya muhogo anaibeba kama kitambaa. Lakini mama yangu alikuwa mukwe wake. Akasimama pale analia, mikono nyuma. Mama akamwambia dada: "Mwambie bwana yako avushe watoto. Mimi nitangoja wengine." Akanivusha mimi. Masasi ikakaribia, hatukuweza kurudi. Mama yangu sijamuona tena mpaka leo. Simulaumu shemeji. Alifanya heshima.

Kwa hiyo Jumamosi ile sikukubali angoje. Nikachuchumaa, nikamubeba mugongoni kwa nguvu, nikaingia naye majini. Alinipiga mabega akilia: "Haya yangu! Aibu yangu!" Katikati ya maji akaacha kunipiga. Mvua ilikuwa inanipiga macho, sioni kitu. Akaweka mukono wake juu ya paji ya uso wangu, akanikingia mvua mpaka ng'ambo. Hiyo hakuna aliyeiona. Vijana wa kamiyo waliona tu mukwe juu ya mugongo ya mukwe. Jumapili wakati gari yetu inavutwa, habari ilikuwa imeshafika Kampene.

Tukakuta baraza inatungojea. Baba mukubwa ya bibi yangu akauliza: "Ni kweli ulimubeba?"

Na hii mudomo yangu ikajibu: "Baba, tangu nianze kazi sijabebaga muzigo wa heshima kama ule."

Nilizani watacheka. Hata inzi haikucheka. Mama-mukwe alikuwa ameshaingia ndani, mulango umefungwa. Tangu siku ile hatoki, hata soko haendi. Mzee akasema: "Leta mbuzi, simama mbele ya watu, useme: nilikosa, ningemuacha angoje. Hapo utachukua bibi na watoto. Bila ile, rudi peke yako."

Nikarudi peke yangu.

Mbuzi haina shida, hata kesho nitaipeleka. Lakini hii mudomo inayosemaga yote, ile neno inakwama. Nikisema ningemuacha angoje, nimesema pia mama yangu alistahili kuachwa. Na nikitoboa mbele yao juu ya ule mukono mama-mukwe aliniwekea mwenyewe, nitaokoa nyumba yangu na kumumaliza yeye kwa haya. Mama Neema ananipigia simu akilia: "Baba Neema, si maneno tu? Sema, turudi nyumbani." Kitoto kimeanza kukaa, sikioni. Mvua imerudi, barabara ya Kampene inafungika, na mimi shofere mukubwa nazunguka humu Kindu kama muntu asiyejua njia.

Ninyi munaojua mambo ya bukwe, munipe akili, yangu imeisha. Ile neno, niiseme? Mama yangu angali anangoja kule ng'ambo. Nikiisema, nani tena atamuvusha?