Mjomba Alipokula cha Fahali

Mtu akiniambia kwamba bangi ni bangi tu, iwe umeivuta au umeila, mimi humwacha aongee mpaka achoke mwenyewe. Nimelelewa upande wa Iguhu, kwenye boma la babu yangu aliyefuga fahali wa kupigana, na mmea ule ulikuwa na kazi zake pale nyumbani, ingawa askari wa chifu walipopita hakuna aliyewahi kuuona. Kuku wakianza kufa kijijini, nyanya aliloweka majani machache kwenye maji yao ya kunywa. Mjomba mkubwa, kaka yake mama, aliivuta. Na fahali aliila, imechanganywa na machicha ya pombe ya busaa na molasi, asubuhi ya kwenda uwanjani.

Mjomba akivuta, hata msokoto haujaisha, maneno yameanza kububujika. Angekuchekesha, angekufundisha siasa, angekuahidi mbuzi ambaye hana. Muda si muda ilimtoka, akaomba obusuma, ugali wetu, akarudi shambani kulima kama mtu mwingine yeyote. Fahali naye alikula alfajiri akabaki ametulia tuli, unafikiri umepoteza molasi yako bure. Jua likipanda ndipo macho yanabadilika, na hapo usimpe mgongo mpaka jioni. Mjomba ndiye aliyemlisha miaka yote na aliyaona haya yote. Shida ni kwamba aliamini ni tumbo la ng'ombe, kwa ukubwa wake, ndilo linalochelewesha.

Babu alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Miaka mingi kabla ya hapo mama alikuwa amerudi kwao na sisi watoto wake, kwa sababu baba alikuwa akimpiga, na siongezi neno hapo. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nakaa tu nyumbani nikiwaza tutalala wapi babu akishazikwa. Kabla hajafa, babu alimwambia mjomba mkubwa kwamba mama apewe kile kipande cha shamba kilicho kando ya barabara, ajenge. Alimwambia yeye peke yake. Na mjomba mdogo, aliyekuwa akiishi mjini Shieywe na kuvaa tai hata Jumamosi, alikitaka kipande kile kile ajenge duka.

Kwetu mambo ya marehemu humalizwa siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi. Ukoo hukaa, na kinachosemwa mbele ya wazee siku hiyo ndicho kinachobaki. Kwa hivyo kila kitu chetu kilikuwa mdomoni mwa mjomba mkubwa. Akisema, tuna kwetu. Asiposema, mama anarudishwa kwa yule mwanamume. Nilimwogopa mjomba mdogo kwa sababu alijua kuongea. Mjomba mkubwa alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kumshinda mdogo wake kwa maneno hata siku moja.

Sasa, nyanya alikuwa ameokoka, na mchungaji alikuwa anakuja. Siku hiyo nyanya akamwambia mjomba mkubwa, "Mwanangu, leo sitaki moshi hapa kwangu. Nihurumie." Mjomba hakuweza kumkatalia mama yake aliyefiwa. Lakini woga ulikuwa umemkaba tangu asubuhi, naye alijua dawa yake. Akaenda kwenye karai la fahali, ambamo mlikuwa bado na mchanganyiko wake wa bangi, akachota kiganja, akala. Akangoja. Hakuona kitu. Akachota tena, na tena, maana kwa kuvuta alizoea kupata jibu hapo hapo.

Wazee walipoketi alikuwa bado mzima kabisa, hata alinisaidia kupanga viti. Watu wakanyolewa, madeni ya babu yakaulizwa, yakaisha. Kisha mzee wa ukoo akamwita mkubwa wa boma aseme neno kuhusu ardhi. Mjomba akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mtoto wake sokoni. Halafu akageuka, akapita katikati ya migomba, akaenda zake, na mimi machozi yakanitoka pale pale.

Mjomba mdogo hakupoteza nafasi. Alisimama, akarekebisha tai, akaanza. "Wazee wangu, tusidanganyane. Msichana hapewangi shamba. Dada yetu ana mume, na mume hajafa." Wazee wengine waliitikia kwa vichwa. Mama alikuwa ameinama, anachezea ncha ya leso yake. Lakini mzee wa ukoo akasema siku hiyo haiwezi kufungwa mkubwa wa boma akiwa hayupo, akatafutwe.

Akakutwa kando ya barabara, kwenye kile kipande, ameketi chini miguu imenyooka, vidole amevizamisha kwenye udongo. Tukaenda wote. Mjomba mdogo akamwambia, "Ondoka hapo, bwana, twende tuongee kama watu."

"Siwezi," mjomba akasema.

"Huwezi nini?"

"Kutoka hapa."

Vijana wawili wakamshika makwapa, wakavuta. Alikuwa mzito kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa, wakamwacha. Mjomba mdogo akahutubia hapo barabarani, akataja mila, akataja serikali, akataja hata Biblia. Mjomba mkubwa hakumjibu. Utabishana vipi na mtu ambaye amenyamaza? Mwisho mzee wa ukoo akaagiza viti viletwe pale, kikao kikahamia kwenye nyasi, naye akamwinamia mjomba. "Mkubwa wa boma kukaa chini kwenye shamba la baba yake siku kama ya leo si mchezo. Baba yako alikwambia nini kuhusu hapa?"

Mjomba akazidi kuzamisha vidole kwenye udongo. "Pa dada yangu," akasema.

"Basi mama, njoo ukae kando ya kaka yako," mzee akasema, na mama akaenda akaketi kwenye udongo mbele ya ukoo mzima. Ikawa imekwisha. Mjomba tulimbeba jioni, akatapika, akalala mpaka kesho yake, na nyanya akamnywesha uji akimwombea apone huzuni ya kufiwa. Mama alijenga pale. Wadogo zangu walisoma wakitokea pale, na mimi niliolewa nikitokea pale, kwa heshima.

Miaka michache baadaye, kabla sijaolewa, nilimpelekea mjomba sukari na majani ya chai kumshukuru. Nikamwambia alikuwa jasiri siku ile. Akaniangalia kwa huruma, akanieleza habari ya karai.

"Ningevuta ningeongea," akasema. "Na ningeongea, ndugu yangu angenigeuza kama chapati, nikubali. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeshamwambia sawa, mama yenu arudi."

"Lakini uliinuka ukaenda kukaa pale."

"Mpwa wangu, sikwenda kukaa. Nilikuwa nakimbia. Nilitaka kufika barabarani nipande gari lolote, nisionekane siku hiyo yote. Miguu ikanikatalia pale."

Nikamwambia asante. Akasema nisimshukuru kwa jambo ambalo hakulifanya. Nikamshukuru tena.