Mke Wangu Amejisomea Kifo Chake Kitabuni

Ndugu Mhariri, jina langu naomba libaki mezani kwako. Wasomaji waambie tu kwamba ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mkata mkonge katika shamba moja hapa Kilosa, mzaliwa wa upande wa Njombe. Shule niliishia darasa la tatu. Nilikuja huku kabla ya Uhuru, nikamwacha mke na mtoto mchanga, nikaahidi kurudi na mabati ya nyumba. Mkataba ukaisha, nikachukua mwingine. Mabati sikupata. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu, na kila mwaka aibu ikazidi ya mwaka uliopita. Barua nilituma tatu, kisha nikaacha. Uhuru ukaja, shamba likawa la umma, na mimi bado nakata majani yale yale. Vidole vyangu viwili havikunjiki tena kwa ajili ya miiba.

Miaka mitano iliyopita aliletwa kambini kijana mmoja kutufundisha kisomo sisi watu wazima. Alikuwa mwandishi, ila wakati huo hakuna aliyemjua. Alituma hadithi fupi magazetini, zikarudishwa, akatuma nyingine. Tukitoka shambani alikaa nasi na daftari lake, na wenzangu wakamtania, "Mwalimu, usiniandike nikiwa na suruali hii!"

Siku moja akaniuliza, "Mzee, mama watoto yuko wapi?"

Nilikuwa nimechoka. Nikajibu, "Sinaye."

Maana yangu ilikuwa kwamba siko naye hapa. Yeye akavua kofia. "Pole sana, mzee. Mungu amlaze mahali pema."

Nikasema, "Amina."

Neno la kwanza liliniponyoka, lakini hiyo Amina niliisema kwa akili zangu. Kumwitikia ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwa nini siendi kwetu. Akaniuliza alikufaje. Nikasema homa, wakati wa masika, mto umejaa, hospitali iko ng'ambo. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa namna ile na mtu aliyesoma. Kila alipokuja niliongeza kidogo. Nilimpa jina lake la kweli, kijiji chetu, hata jino la mbele alilovunja kwa mpini wa jembe. Nikifika kwenye maziko machozi yananitoka kweli, ndugu zangu, na wenzangu wananishika bega.

Mwalimu akahamishwa. Hadithi zake zikaanza kukubaliwa, nyingine ikasomwa redioni, na mwaka jana kikatoka kitabu kizima. Aliniletea nakala kwa mkono wake. Ukurasa wa mwanzo umeandikwa kwamba ni kisa cha kweli alichosimuliwa na mkata mkonge. Kifo cha mke ndicho watu wanachokisifu zaidi. Nilifurahi, sifichi. Kambini wakaniita "mzee wa kitabuni".

Miezi miwili iliyopita nikapata barua kutoka nyumbani, herufi kubwa kubwa zilizolala upande. Nainakili jinsi ilivyo:

"Salamu. Hii ni barua yangu ya kwanza kuandika mwenyewe. Nimejifunza kisomo. Kitabu alichotuletea mwalimu wetu ni hicho chako. Tulikuwa tunasoma kwa zamu, zamu yangu ikaangukia ukurasa ninaokufa. Darasa zima wamelia, na mimi nimesimama mbele yao nikiwa na lile jino. Sasa watoto wa jirani wananiamkia, shikamoo marehemu. Wewe kama umenichoka ungesema. Njoo uwaambie kwa mdomo wako, mbele ya darasa. Usimtume mtu. Hatukai tena kule bondeni, tumehamia kijiji kipya, nyumba ya nne kutoka shuleni."

Niliomba ruhusa, nikadandia lori mpaka Mikumi, ambako Mwalimu amepanga chumba katika nyumba ya wageni akiandika kitabu cha pili.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba. Mwalimu, mke wangu hakufa."

Akacheka. "Mzee, utani huo kawafanyie watani zako."

Nikampa barua. Akaisoma mara mbili, akakaa kitandani. Nilidhani atanitukana. Akasema polepole, "Mzee, barua hii inakishinda kitabu changu chote." Mkono wake ulikuwa umeshashika kalamu. "Niachie niinakili."

Nikamnyang'anya. Nikamwambia kwanza atangaze gazetini kwamba mwanamke yule yu hai. Akasema, "Nikitangaza hivyo, wataniuliza na mengine mangapi ni ya uongo. Nimehangaika miaka mingapi mpaka jina langu likafika hapa? Na wewe ndiye uliyeitikia Amina, mzee. Mimi nilikupa pole tu." Hilo la Amina silikatai. Ni kweli tupu. Tena ni kijana mwema, na nikienda kusema mbele ya darasa, habari itasambaa mpaka imfikie, na kazi yake huenda ikaishia hapo.

Nilitoka nikasimama barabarani. Basi la Njombe likaja. Konda akaniita, "Mzee, unapanda au unatuaga?" Nauli ninayo. Sikupanda. Wiki iliyopita nikarudi tena Mikumi, basi likaja tena, nikalitazama mpaka likapotea.

Wasomaji wenzangu, kama nilikosa msinieleze, hilo nalijua. Wala msiniambie nimwandikie, amekataa barua. Anataka mdomo wangu, mbele ya watu waliomlilia, naye mwenyewe amekaa pale ananitazama. Nimejaribu kupanga maneno nikiwa shambani, nikikata jani moja moja, siku baada ya siku, sijapata hata la kuanzia. Nishaurini. Nikishaingia darasani na kuvua kofia, neno la kwanza niseme lipi?