Kiti cha Aziza kwenye TV ya Bibi

Jamani, hadi leo nikiwa Faza mtu akiita "bibi harusi" nyuma yangu nageuka, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba nageuka, na mimi sijaolewa wala sijaposwa.

Aliyeolewa ni Aziza, binamu yangu wa Wiyoni. Bibi yetu wa Faza alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza kupanda boti kuja kwenye kupamba, siku bibi harusi anapoketishwa kitini atazamwe na wanawake, akalia kwenye simu kwamba mjukuu wake apambwe yeye asimwone. Nikamwambia asilie, nitamletea video. Video ya kupamba hairushwi ovyo kwenye simu, ni mambo ya wanawake, hubebwa mkononi (na aliyesoma kompyuta ni mimi, kwa hiyo nani angethubutu kuniuliza swali).

Bi Nuru, mpiga video, akanipa diski yake, kila kitu kimebanwa kwenye faili moja la zipu. "Somoe, ifungue ndani ya laptopu kwanza, utazame, ndipo utie kwenye flashi. TV ya bibi yako ni ya zamani." Nikasema nimesikia. Lakini boti ilikuwa karibu kuondoka, nikaifungua zipu moja kwa moja kwenye flashi. Laptopu ikaniambia kuna faili kubwa mno kwa flashi ile, nijaribu tena au niiruke, nikabonyeza ruka. Flashi ilipangwa kwa mtindo wa zamani ambao TV inauelewa, na mtindo huo haupokei faili kubwa, hayo nayajua, nimeyafanyia mtihani nikapasi. Nikaona video zimo, nikaiacha laptopu nyumbani.

Faza sebule imejaa, shangazi, majirani, hata mama mkwe wa Aziza (wanaume wametolewa, madirisha yamefungwa, Bibi amevaa leso mpya). Nikachomeka flashi. Video ya kwanza Bi Nuru alikuwa akipima taa kabla watu hawajafika: kiti cha bibi harusi kitupu, maua pembeni. Akaingia mtu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaketi. Akajitanda mtandio, akainamisha macho kwa haya, akanyoosha mkono avishwe pete. Mkono ukakaa hewani, maana wa kumvisha hakuwapo.

"Huyu ndiye Aziza?" akauliza Bibi.

"Ni Somoe," akasema shangazi, naye ameshauma leso.

"Na bwana yuwapi?"

Watu wakavunjika mbavu. Nikaweka ya pili: mimi tena, nafanya mazoezi ya kulia. Ya Aziza haikuwamo, ndiyo ile niliyoiruka. Mama mkwe akanipapasa bega, "Yako nayo yaja, mwanangu," nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini kilichonichoma si kicheko. Bibi alinishika mkono akauliza polepole, "Basi Aziza sitamwona?" Hapo nikaona aibu ya kweli.

Kesho yake nikapanda boti ya kwanza, zipu nikaifungua ndani ya laptopu, nikarudi jioni nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Bibi akamtazama Aziza mwanzo hadi mwisho, akalia, akamuombea dua. Kisha akanigeukia.

"Mashaallah. Sasa niwekee ile yako."

Siku hizi zipu naifungulia nyumbani, natazama faili moja moja, neno ruka silibonyezi, na kiti cha bibi harusi nakipita kwa mbali. Ila flashi ile sijarudishiwa. Bibi ameifunga kwenye pindo la leso, anasema ataitoa siku nitakayokalia kiti changu.