Siku Baba Alipoishibisha Injini

Juzi nilirudi nyumbani Kanyakine, nikashuka hadi mtoni. Kaka yangu ameweka pampu ya sola, inasukuma maji bila hata kunong'ona. Nikakumbuka mashine iliyokuwa pale zamani. Nakwambia ukweli, rafiki yangu: hadi leo lori likinguruma ghafla barabarani, najikuta nimeruka kando.

Tulikuwa na injini ya dizeli ya kuvuta maji ya kabichi na vitunguu. Kila mwaka, kabla mvua ndefu haijaujaza mto, baba aliilaza. Ndivyo tulivyosema, kulaza. Aliiwasha ipate joto, akamwaga oili chafu, akatia safi, akaiwasha tena kidogo ili oili ienee. Kisha alitoa maji yote, akaziba ekzosi kwa tambara panya wasizalie humo, na majirani wakaja na kamba kuipandisha hadi kibandani. Mimi, binti yake wa kwanza, ndiye niliyeshika spana, na ole wake aliyejaribu kuninyang'anya! Mama alileta nduma na ucuru, uji wetu mchachu, tukala mikono ikinuka dizeli. Niliipenda siku hiyo kuliko Krismasi.

Sasa, kwetu mgeni halali njaa. Kikombe kikifika nusu kinajazwa, na ukikataa unaambiwa unaringa. Baba aliipeleka desturi hiyo hadi kwa injini. "Ikilala njaa haitaamka," alisema mwaka huo, akaipita alama ya oili, akaongeza, akaongeza tena. Nyanya, mama yake, alikuwa akipalilia maharagwe hapo kando. "Hiyo umeilisha kama mkwe," akamtania. Tukacheka sote.

Baba akaiwasha. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, halafu ikaanza kupandisha sauti, na hakuna aliyeigusa. Ikapanda, ikapanda, hadi ikawa inapiga mayowe na ardhi inatetemeka chini ya miguu yangu. Baba akavuta leva ya kuizima. Akakunja mpira wa dizeli. Wapi! Ilikuwa haihitaji dizeli tena. Ilikuwa inachoma ile oili aliyoishibisha, na injini ikifika hapo hukimbia mpaka ipasuke. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua uso wa baba tu, maana sikuwa nimewahi kuuona ukiogopa.

"Kimbia! Panda huko juu!"

Nikakimbia. Nilidhani ananifuata, kumbe yeye amerudi ndani ya moshi. Niligeuka nisimwone. "Baba, toka! Wacha hiyo kitu!" Nililia hadi sauti ikaisha. Nyanya alinidaka kiunoni nisirudi, na nilihisi moyo wake ukidunda mgongoni mwangu. "Mwathani! Mwathani!" alimwita Mungu kwa Kimeru, hakuwa na neno lingine.

Kisha, kimya. Woi, kimya kile kiliniogopesha kuliko yale mayowe, kwa sababu sikujua kama ni injini iliyokwisha au ni baba. Moshi haukuwa na haraka ya kuondoka. Hatimaye akatokea, mweusi kama sufuria, bila koti. Alikuwa amelisokomeza koti lake kwenye mdomo wa kuvutia hewa, injini ikakosa pumzi. Alijaribu kucheka akashindwa. Mama akamshikia kikombe cha ucuru. Nyanya alimpiga kofi begani, akamkumbatia, akalia. "Chuma kinanunuliwa," alimwambia. "Wewe nitakununua wapi?"

Kibanda kilioza, injini ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Majirani wale wa kamba wametawanyika, wengine wako Meru mjini, na nyanya tulishamzika. Mwaka jana tulimpeleka baba hospitali. Nikasimama nje ya mlango uliofungwa, mtu mzima na watoto wangu, nikiogopa vilevile kama siku ile. Nikangoja atokee. Hakutokea.

Ukiniuliza utoto uliondoka na nini, nitakwambia: kuogopa namna ile, halafu baba atokee.