Sindano ya Mchana wa Ramadhani

Kabla sijaugua nilikuwa hamali. Ndani ya Mji Mkongwe gari haziingii, na kwenye vichochoro vingine watu wawili wanene hupishana kwa ubavu. Friji la mwenye hoteli, magunia ya mchele, kitanda cha bibi harusi, vyote hupita juu ya gari la kukokota, na mbele ya gari hilo nilikuwa mimi. Nguvu nilizaliwa nazo. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu hudhani nguvu zangu zote zilitoka kwenye kichupa cha dawa.

Jioni nilikuwa nikinyanyua vyuma kwenye klabu moja ya Kikwajuni. Kocha wetu, Haroub, alikuwa mtu mwema, na hata leo sitamwita vinginevyo. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Khamis, wewe Mungu kakupa mwili. Sasa tuumalizie." Kumalizia kwenyewe kulikuwa kwa vidonge vya homoni za kiume, dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Nilimeza. Mabega yakatanuka, kanzu zikanibana. Mgongo nao ukaota chunusi kubwa zenye kuuma, matiti yakavimba chini ya chuchu, na mapumbu yakanywea. Hilo la mwisho sikumwambia mtu.

Kisha nikapimwa mkojo, nikafungiwa mashindano. Nililia kama mtoto. Haroub hakulia, alikasirika. Wakati huo kamati moja ilikuwa inakusanya maoni kama dawa hizo ziendelee kupigwa marufuku au ziruhusiwe, naye akaingia mbele. Hoja yake haikuwa ya kijinga. "Marufuku haijamzuia mtu," alikuwa akisema. "Imetufanya tununue gizani tu. Ziruhusiwe, zikaguliwe, ziuzwe duka la dawa, tujue tunachojidunga." Waliompinga, na madaktari wengi walikuwa upande huo, walisema ukiruhusu leo, kesho mtoto wa skuli atazinunua kama peremende.

Mimi siasa sikuwa nazo, lakini siasa ilikuwa na mimi. Picha yangu, kifua wazi, ilitundikwa nje ya klabu. Kila mkutano Haroub alinisimamisha. "Huyu kafungiwa kwa sababu ya dawa zenye madhara," alisema. "Haya, nionesheni madhara!" Watu wakacheka na kupiga makofi. Tangu hapo sikuwa na ruhusa ya kuugua. Hata nikipiga chafya, mtu hugeuka kunitazama.

Ramadhani ikaingia. Vidonge tulizoea kuvigawa mchana kutwa pamoja na chakula, na kuvibugia vyote baada ya futari kulituvuruga matumbo. Haroub akaleta sindano, mafuta mazito ndani ya kichupa kisicho na jina. Nikamuuliza saumu yangu itakuwaje. Tukaenda kwa sheikh mmoja kumuuliza kama sindano inabatilisha saumu. Akatujibu kwa upole kwamba sindano ya matibabu isiyokuwa chakula, wanavyuoni wengi hawaoni kuwa inabatilisha. Tukamshukuru, tukaondoka. Tulimuuliza habari ya sindano, hatukumwambia ndani yake mna nini. Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, nikadungwa tako la kushoto, na roho yangu imetulia kabisa.

Uvimbe ulianza kama punje ya kunde. Ukawa limau. Halafu tako zima likawa gumu, la moto, ngozi imekazana inang'aa. Sikuweza kuketi. Hebu jaribu kufunga Ramadhani Unguja bila ya kuketi! Futari ni kuketi, darsa ni kuketi, mazungumzo ya barazani ni kuketi. Katika sala, tahiyatu ya mwisho, tako la kushoto ndilo linalowekwa chini. Mimi nikawa naegemea kulia, mpaka mzee mmoja akaniuliza baada ya salamu kama nimehamia madhehebu mengine.

Nyumbani mama yangu, Bi Mwanakheri, alitandika mkeka kama kawaida, muhogo wa nazi na uji wa pilipili manga. Mimi nikala nimeegemea mlango.

"Keti ule, mwanangu."

"Nnapumzisha mgongo, mama."

"Mgongo gani huo unaopumzika wima?"

Homa ikaja. Nikawa natetemeka chini ya blanketi huku wenzangu wanajipepea. Mama akanipeleka kituo cha afya, na huko tukamkuta Daktari Salma, mwanamke mpole mwenye miwani. Akapima malaria, hakuiona. Akaniuliza, "Kuna pahala panakuuma?"

"Hakuna," nikasema, nami nimesimama.

Nilimjua. Alikuwa miongoni mwa madaktari waliokwisha kutoa maoni yao dhidi yetu. Nikawaza kwamba nikivua suruali mbele yake, nimemkabidhi ushindi. Aibu ilinizuia, ndiyo, lakini lile bango la picha yangu klabuni lilinizuia zaidi. Akaniandikia dawa ya kushusha homa na kuniambia nirudi nikizidiwa. Nikatoka na jipu langu.

Nilikwenda kwa Haroub, nikamwonesha. Uso ulimbadilika. "Twende spitali sasa hivi," akasema. Akachukua funguo za vespa. Kisha akasimama mlangoni na funguo mkononi, akaniangalia, akaangalia chini. "Kikao cha kamati kesho, Khamis. Utaweza kuvumilia mpaka kesho?"

"Ntavumilia."

Niliogopa sana usiku ule. Nikitibiwa, nimewaangusha wenzangu wote. Nisipotibiwa, naoza. Kila mlango niliouwaza ulikuwa umefungwa, na mingine nimeifunga mwenyewe. Sikulala, maana hata kulala kuliuma.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa kanzu nyeupe, nikachagua ukuta wa kuegemea, nikisoma dua kimoyomoyo kikao kiishe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mtu mzima, mwenye adabu za kwao. Haroub alikuwa ameshaanza kuzungumza, yule mama akamkatiza.

"Samahani, Kocha. Mwanangu pale, mbona umesimama? Mpeni kiti."

"Ahsante mama, nimeridhika hapa."

"La, hatusimamishi mgeni, na mwezi wenyewe ni mtukufu. Kaa kitako, baba."

Kiti cha plastiki kikapitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka kwangu. Ukumbi mzima umegeuka. Mama wa heshima zake amekukaribisha mara mbili, utamkataliaje? Haroub alinitazama, kisha akaigeukia kamati na kuendelea kuzungumza. Nikakaa.

Kitu kikapasuka ndani yangu. Nilisikia joto likishuka pajani, kisha harufu. Wallahi, harufu ile sijaisahau, kama samaki aliyeachwa juani. Walio jirani yangu walisogea. Usaha na damu vilipenya kanzu, vikachuruzika miguu ya kiti hadi sakafuni. Haroub alikuwa katikati ya neno "salama". Baada ya hapo sikumbuki.

Nilizinduka hospitali. Daktari Salma alikuwa pale, na mama. "Sasa n'ambie," daktari akasema. "Hapa hapana kamati." Nikamwambia yote, mpaka la mapumbu, mama yangu anasikia. Mama akanipangusa jasho. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Wewe umeumbuliwa na kiti. Mshukuru Mungu."

Walinikata, wakasafisha. Shimo lililobaki lingemeza ngumi ya mtoto. Kila siku walitoa shashi chafu na kusokomeza safi, nami nang'ata kanga ya mama. Sumu ilikuwa imeshaingia damuni. "Lau ungelichelewa kidogo tu, tungelikuzika kabla ya Idi," daktari akaniambia, wala hakutabasamu.

Nilidhani jipu likipona nimepona. Kumbe mwili wangu ulikuwa umesahau kutengeneza homoni zake wenyewe. Nikanywea. Ndoo ya maji ikanishinda. Nililia kwa sababu chai imepoa! Daktari Salma alinifuatilia mwezi hadi mwezi, akinipima damu, akinambia nisubiri. Kusubiri kulinitesa kuliko kisu.

Na siasa haikuacha kunifuata. Wapinzani walikuja kitandani wakitaka kupiga picha kidonda. Haroub alikuja na chupa ya uji. Akanimiminia kikombe, kisha akasema, "Waambie ni jipu la kawaida tu, Khamis." Halafu akaanza kulia. Nilimpenda na nilimchukia kwa pamoja.

Kamati iliponiita tena, nilikwenda kwa mkongojo. Nikawaambia kichupa hakikuwa na jina, hatukujua tunajidunga nini, na hapo Kocha Haroub ana haki. Nikawaambia pia kwamba hata kingekuwa safi, mapumbu yangenywea vile vile, na hapo madaktari wana haki. Mjumbe mmoja akakereka. "Sasa wewe unataka ziruhusiwe au zisiruhusiwe?"

"Mheshimiwa, mkiruhusu, mkikataza, hilo lenu. Mimi nilikuwa naoza, na mtu wa kwanza niliyemwogopa alikuwa daktari. Andikeni sheria ambayo kwayo mgonjwa hatamwogopa daktari."

Hakuna aliyepiga makofi. Upande wetu waliniita msaliti, upande wa pili wakasema nimewavunja moyo. Sheria mpaka leo inazungumzwa. Mimi nimerudi kwenye gari langu, nakokota mizigo midogo, na chunusi zimeniacha.

Namshukuru Mungu, kisha mama yangu, kisha Daktari Salma, kisha yule mama mwenyekiti ambaye kila akiniona hunitaka radhi, nami humwambia adabu zake ndizo zilizoniokoa. Haroub tunasalimiana. Sindano ameziacha, au ndivyo anavyosema.

Kijana, sikukatazi vyuma. Vyuma ni kitu kizuri. Lakini usikubali kuwa ushahidi wa mtu yeyote, hata umpende vipi, maana ushahidi hauruhusiwi kuumwa. Na kama unasoma haya huku una pahala pamevimba, pana moto, na hujamwonesha mtu, usingoje nimalize. Inuka uende.