Hereni Ndani ya Eda

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kutengeneza hereni za udongo, huwa nasema ni simu. Wanacheka, yanaishia hapo. Ukweli ni kwamba simu ilinifundisha kuharibu. Kutengeneza nilikujua baadaye, nyumbani kwetu Rasbura, mjini Lindi, miezi ile mama alipokuwa ndani akikaa eda ya baba, na mpaka leo nikizishika hereni zile najisikia kama mwizi.

Udongo wenyewe si huu wa kufinyangia vyungu. Ni udongo wa plastiki, unauzwa vipande vidogo vya rangi rangi, nami nilikuwa naagiza Dar es Salaam unaletwa na basi. Unaukanda mpaka ulainike, unaupa umbo, unauoka, unakuwa mgumu kama kifungo cha shati. Kazi kubwa iko kwenye kile tulichokuwa tunakiita gogo. Unasokota vijiti vyekundu, unavipanga kuzunguka kijiti kimoja cha njano, mianya unaijaza udongo mweusi, kisha unavizungushia vyote utando mweusi mpaka unapata gogo nene kama mkono wa mtoto. Kwa nje huoni kitu. Ua liko ndani, limepita kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Halafu unalibana na kulivuta polepole, linarefuka na kuwa jembamba, na ua nalo linapungua humo humo ndani bila kupoteza sura yake. Ukilikata kwa wembe, kila kipande kina ua lile lile.

Hayo ni maelezo. Magogo yangu mimi yalikuwa vituko. Napenda haraka, na udongo ule haupendi watu wa haraka. Nilikuwa navuta upande mmoja kuliko mwingine, nikikata nakuta ua limebinuka kama limepitiwa na baiskeli. Natukana kimoyomoyo, nafinyanga upya, rangi zinachanganyika zinakuwa kama matope. Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka wake.

Siku ya mazishi ya baba, wanawake walimvua mama hereni na bangili zake, wakamvika nguo nyeupe. Kwetu mjane anakaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hapaki hina, hajifukizi udi, na hatoki bila dharura. Wako wanaolalamika, wanaona wamefungwa. Mama hakulalamika hata siku moja. Alisema hiyo ndiyo heshima ya mwisho iliyobaki mkononi mwake kumpa mumewe, na alitaka aimalize bila doa. Baada ya hapo alikuwa na safari moja tu moyoni, kwenda Milola kumwona mama yake.

Bibi alikuwa amezeeka sana. Nyonga zilishamkataa, hakuweza kupanda gari kuja hata msibani, na aliishi na mjomba kwenye mikorosho yao. Kila Ijumaa baada ya swala mjomba alikuwa anatupigia na kumwekea bibi simu sikioni. "Umetoka?" bibi anauliza. "Bado, mama." "Maliza vizuri mwanangu, nakungoja." Mazungumzo yalikuwa hayo hayo, na mama akishakata simu alikuwa anatulia kabisa, kama mtu aliyekula akashiba.

Mama hakuzoea mikono yake ikae bure. Maisha yake yote alikuwa anasuka ukili wa mikeka. Basi mchana mmoja alichoka kuniona nikiteseka, akanyoosha mkono. "Lete hapa. Unalikamua kama shuka la hospitali." Akalichukua gogo langu, akalibana katikati kwanza, akaligeuza, akabana tena, akawa analizungusha kidogo kidogo huku akinisimulia habari za watu wengine kabisa. Alipolikata, ua lilikuwa limesimama. Nilimwambia ana mkono wa uchawi. Akaniambia niache maneno, nikate vingine.

Tangu siku hiyo tukawa wawili. Ni yeye aliyeona kwamba joto la Lindi linalegeza udongo, wembe ukipita unaliburuza ua, akasema gogo tuliweke kwanza kwenye friji. Kuoka alikuwa ananielekeza kama anavyooka keki, mchanga ndani ya sufuria, moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko. Sufuria ile tuliitenga, haikupikiwa tena chakula. Udongo mwekundu ulikuwa unamgandia vidoleni, naye kabla wageni hawajaja kumpa pole alikuwa anajisugua kwa mafuta ya nazi mpaka utoke, wasije wakadhani ni hina. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia, "Mama, Mungu anajua tofauti ya hina na plastiki." Akasema, "Mungu anajua. Wifi zangu je?"

Eda ilikuwa imeingia mwezi wa nne, imebaki kidogo tu, nilipopata mteja wa Kilwa Masoko, binti anayeolewa. Alitaka hereni za yeye na wasimamizi wake, na alichagua ua moja jeupe lenye ukingo wa bluu. Gogo la ua lile mama alikuwa amelipanga mwenyewe kuanzia kijiti cha kwanza. Binti akasema nimtumie picha, lakini siyo hereni ikiwa mezani, anataka aone inavyoning'inia sikioni.

Masikio yangu wakati huo yalikuwa yamevimba. Nilijijaribia waya wa hereni wa bei rahisi, yakatunga usaha. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Nilingoja mama amalize swala ya alasiri nikamfuata na hereni mkononi.

"Mama, nigeuzie sikio. Nataka picha moja."

"Mwanangu, niko eda."

"Si kuvaa mama, ni kupima. Uso hautaonekana. Dakika moja naivua."

"Si kuvaa," akarudia, kama anaonja chumvi. "Haya, na kinachoning'inia hapo kitaitwaje?"

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mdomo ninao. Nikamwambia bibi harusi anangoja, nikamwambia akikataa ua lake mwenyewe nani atalipenda, nikamwambia baba angekuwepo angecheka. Hilo la baba ndilo ninaloliona aibu zaidi. Mama akasogeza mtandio mweupe nyuma ya sikio. Tundu lilikuwa limeanza kuziba, ikabidi nilipake mafuta na kusukuma. Nikapiga picha. Akasema, "Hebu nione." Nikampa simu. Akaitazama kwa muda, akatabasamu, ndipo nikamvua.

Binti wa Kilwa Masoko alikubali siku hiyo hiyo. Nami kwa furaha nikaiweka picha kwenye status, nikisahau kwamba shangazi yangu, dada yake baba, huwa hapitwi na status ya mtu. Uso haukuonekana, ni kweli. Mtandio mweupe ulionekana, na sikio lenyewe lina pengo juu tangu utotoni, ukoo mzima unalijua.

Asubuhi shangazi alibisha hodi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku amenipita. Alikaa mbele ya mama, akamfungulia picha.

"Wifi, hili ni sikio la nani?"

"Langu."

"Kaka yangu udongo wa kaburi haujatulia, wewe unavaa hereni?"

"Nilivaa, wifi. Nisamehe."

Nikasema, "Shangazi, ni mimi niliyemlazimisha." Akanigeukia bila hasira, na hilo liliniuma kuliko kutukanwa. "Wewe nakujua tangu mdogo," akasema. "Mimi nilidhani yeye ndiye mwenye akili humu ndani." Mama alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake amevificha ndani ya kanga. Picha niliifuta, lakini wangapi walikuwa wameshaiona, sijui.

Nilimtafuta sheikh wa mtaa wetu. Alikuja mwenyewe, mtu mpole, akakaa barazani akazungumza na mama kupitia mlangoni. Alimweleza kwamba siku za eda hazirudi nyuma. Amuombe Mola msamaha, aendelee, zikitimia zimetimia. Mama akamshukuru sana, akanituma nimpe sheikh chai. Nikajua yamekwisha.

Siku zilipotimia, shangazi ndiye aliyewahi. Alikuja na kanga mpya, udi, na maji ya kumwogeshea wifi yake, na uso wake ulionyesha amekuja kupatana. Mama akamkaribisha vizuri. Akasema, "Wifi, Mungu akulipe. Hesabu yangu mimi bado."

Tulidhani amepotea siku. Hakuwa amepotea. Alikuwa ameanza kuhesabu upya tangu alasiri ile ya picha, miezi minne na siku kumi nyingine, na hakumwambia mtu. Shangazi alilia. Alimshika magoti, akasema amemsamehe zamani, yalikuwa maneno ya uchungu tu. Sheikh akaitwa tena, akarudia yale yale, akaongeza kwamba kumwona mzazi mgonjwa si dhambi hata kwa mwenye eda. Mama alisikiliza yote kwa adabu. Sheikh alipoondoka alirudi kwenye mkeka wake.

Mimi nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea mama yangu, maana hatia ikinizidi huwa nageuka mkali. Nilimwambia anamkomoa nani, sheikh amesema, dini imesema, bibi anangoja Milola. Milola si mbali, ukipanda gari asubuhi adhuhuri uko kwa mjomba unabangua korosho. Akaniacha nimalize.

"Unadhani ni hereni?" akaniuliza. "Hereni umenivisha wewe, hilo nimeshakusamehe. Uliponipa simu nilijiona mzuri. Kwa muda ule wote, mwanangu, baba yako sikumkumbuka. Hilo hukunivisha wewe."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mwiba huu nilimdunga yeye, na yeye ndiye aliyekuwa anajiambia ni wake. Niliacha udongo. Mama hakuniuliza, wala hakugusa tena gogo.

Ijumaa ziliendelea. "Umetoka?" "Bado, mama." Mara ya kwanza bibi alishangaa, akasema yeye mwenyewe amekaa eda, anaijua, hii ni ya namna gani. Mama akamwambia kuna kosa alilifanya, analilipa. "Basi fanya haraka," bibi akasema. Baadaye maswali yake yakawa yanayumba. Ijumaa moja alimuuliza mama, "Mwenzangu, wewe ni nani?" Mama akajitaja, bibi akasema ahaa, lakini tulisikia kwamba hajashika. Mjomba akatuambia siku njema anawajua wote, siku mbaya anamuuliza yeye ameingiaje uani. Nilimpigia mama magoti aende. Alilia, nililiona chozi likimdondoka, lakini akasema, "Nikienda hesabu ikiwa nusu nitakuwa nimevunja mara mbili." Ningekwenda mimi, lakini mama hakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Kila wiki niliona kitu kinapungua kule Milola, na aliyekipunguza ni mimi na simu yangu.

Hesabu yake ikatimia. Shangazi akamwogesha, akamfukiza udi, mama akavaa kanga mpya. Hereni alikataa. Kesho yake akapika mkate wa kumimina, anaoupenda bibi, tukapanda gari.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nywele zimesukwa vizuri. Mama aliacha kila kitu njiani, akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akasema kwa upole, upole ule wa kumkirimu mtu usiyemjua. "Karibuni. Mmetoka mbali?" Kisha akamgeukia mjomba, akamuuliza huyu mama mgeni amepewa maji.

Mama alitaja jina lake. Alitaja la babu, akataja la mtaa waliokuwa wakiishi zamani. Bibi aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wa wengine. Mjomba alisema siku zote mchana ni hivyo, labda jioni. Lakini alikuwa anaitazama miguu yake akisema.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na kikapu cha mkate. Bibi aliinua macho akaniona, na uso wake ukafunguka wote. Akanyoosha mikono miwili.

"Mwanangu," akasema. "Umechelewa."

Nilimwangalia mama. Nilitaka aseme kitu, amrekebishe, amwambie huyu ni mjukuu wako, mwanao ndiye huyu aliyepiga magoti. Mama alikuwa bado pale chini, ameshika ukingo wa mkeka.

"Muitikie," akaniambia.

"Mama, siwezi."

"Anakuita. Muitikie."

Nikaweka kikapu chini. Nikasema, "Abee, mama." Bibi akanivuta nikae ubavuni pake, akanishika kichwa, akanipa pole ya kufiwa na mume. Aliitoa pole yote, taratibu, kama alivyokuwa ameiweka muda wote ule, na mama yangu akaisikiliza akiwa kando.